Wageni wa Kujaziwa

Baba aliinua glasi kuelekea dirishani, akaikodolea macho kwa muda, kisha akaniuliza anatakiwa aone nini.

"Rangi," nikamwambia.

"Rangi nimeiona. Ni rozela."

"Leo ni rozela, baba. Siku yenyewe itakuwa mvinyo. Haya, zungusha. Polepole. Shika mguuni, usishike tumboni."

Akazungusha. Juisi ikapanda ukingoni, ikamchuruzikia kidole gumba mpaka kwenye mkono wa shati. Mama alikuwa kwenye kochi akichambua mchele, na alicheka hadi ungo ukamtikisika mapajani. "Ta Apolinari," akasema, kwa jina wanalomwita baba watu wa kwetu Bukoba, "mwaka huu umerudishwa shule." Baba hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayekariri sala mpya. Alijifuta kidole, akashika glasi upya, mguuni, kama nilivyomwelekeza, akaanza tena.

Picha hiyo ndiyo inayonijia nikisikia kizibo kinatoka kwenye chupa. Wenzangu wanasikia sherehe. Mimi nasikia aibu, na sijapata namna ya kuizoea.

Tulikuwa tukiishi Wazo, kwenye nyumba ambayo baba aliijenga taratibu alipokuwa karani wa stoo kiwandani. Lusungu, mchumba wangu, alikuwa ameniambia kwamba watu wake watakuja kujitambulisha Jumapili ya mwisho ya mwezi. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, Mzee Gibson, anayekaa Kigamboni. Lusungu hakunificha kitu. "Baba mkubwa akikubali, tumekwishaoana," alisema. "Akikataa, Feli, mie siwezi kumruka. Huyo ndiye aliyenifanya mtu." Nilimpenda zaidi kwa kusema hivyo, na usiku huohuo nikakosa raha kwa sababu hiyohiyo.

Nikamuuliza huyo mzee anapenda kunywa nini.

"Bia hagusi. Anakunywa waini."

Basi. Kwa maneno hayo mawili nikamuumba mtu mzima. Nilishasikia kwamba Mzee Gibson aliwahi kuwa mpishi kwenye meli za nje, nikamwona ameketi kwenye meza ya kitambaa cheupe, anainusa glasi kabla ya kuinywa, anatikisa kichwa akikutana na watu wasiojua. Na wasiojua walikuwa sisi.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Ofisini kwetu Mwenge, tulikokuwa tukiuza safari za mbugani, kulifanyika hafla ndogo ya kuwaaga wageni, na mimi nikajimiminia mvinyo glasi nzima, kama mtu anavyojimiminia kinywaji chochote. Bosi wetu akaiangalia ile glasi, akasema mbele ya watu, "Feli, hicho ni kisima?" Wakacheka wote. Nami nikacheka nao, tena kwa sauti. Nilipofika nyumbani nikaingia bafuni nikalia, halafu nikafungua video za simu na kuanza kujifunza. Mvinyo mwekundu usiwe wa baridi sana. Mgeni asimiminiwe zaidi ya theluthi ya glasi, ili harufu ipate nafasi. Mwenyeji aonje kwanza. Asikimbilie kuongeza, maana mvinyo haunywewi kwa haraka. Nilikula kiapo kwamba mtu wa kwetu hatachekwa tena kwa sababu ya glasi.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba baba yangu hakuwa mtu asiyejua kumimina. Kumimina ndiko alikojulikana nako. Kwenye harusi za watu wa kwetu hapa mjini, kwenye ubarikio, kwenye sherehe za jumuiya, mtu alikuwa akisikika akiuliza, "Ta Apolinari yuko wapi?" Pombe ikipatikana kutoka nyumbani, ile ya ndizi, akabidhiwe yeye. Alimimina mpaka kinywaji kikapanda juu ya mdomo wa glasi, kikavimba kidogo, na tone halikudondoka. Watu walimpokea glasi kwa mikono miwili wakicheka. Mgeni aliyemiminiwa na baba alijua amekaribishwa, hakuhitaji hotuba.

Mkono huo ndio niliouweka shule kwa jioni kadhaa, mimi, mtoto wake, na juisi ya rozela kwenye jagi la plastiki.

Alijifunza kwa bidii iliyonifurahisha. Nilinunua glasi sita za mguu mrefu, kubwa, nyembamba hadi unaogopa kuzishika. Nikamwonesha theluthi ni wapi. Mwanzoni mkono wake ulikuwa unapita, unapanda wenyewe kwenda juu ulikozoea, naye anashtuka na kurudisha juisi kwenye jagi. "Samahani, mwalimu," anasema. Siku zilivyokwenda akawa anasimama palepale, kila mara, kama aliyechorewa mstari. Kitu kimoja tu hakikumsumbua: habari ya mwenyeji kuonja kwanza. "Hata kwetu ndivyo," alisema akiwa amefurahi. "Mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Kumbe na Wazungu wanaogopana."

Jumapili ilipofika, wageni waliingia baada ya misa ya pili. Mzee Gibson alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini na koti la kahawia. Aliongozana na dada yake, shangazi Loveness, mama wa macho yanayokagua, pamoja na Lusungu na ndugu wengine wawili ambao sikumbuki kama walisema neno. Walikaa. Nilipiga magoti nikawaamkia, shikamoo hii na hii, nikarudi kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo ningeweza kumwona baba mkono.

Chupa niliifunga kitambaa kibichi tangu asubuhi, maana joto la sebule za Wazo linaweza kuufanya mvinyo kuwa chai. Baba akaifungua bila kuvunja kizibo. Akajimiminia kidogo, akazungusha kwa kushika mguuni, akanusa, akaonja, akakubali kwa kichwa. Mimi mlangoni nilitamani kupiga makofi. Kisha akamimina glasi za wageni, moja baada ya nyingine, theluthi, theluthi, theluthi, akarudisha chupa kwenye kabati na kuketi.

Lori la saruji lilipita barabarani, na mvinyo chini ya zile glasi kubwa ukatetemeka kidogo.

Mzee Gibson aliangalia glasi yake. Akaiangalia chupa kabatini, ambayo bado ilikuwa na kinywaji cha kutosha. Akamwangalia baba.

Shangazi Loveness ndiye aliyeuliza. "Hii ndiyo ya kuonja?"

"Hapana, mama," baba akajibu, kwa utulivu wa mwanafunzi aliyefaulu mtihani. "Ndiyo yenyewe."

Hakuna aliyegusa. Mama alileta ndizi na kuku, wakala vijiko viwili vitatu vya heshima. Nilingoja Mzee Gibson aseme neno lililowaleta, lile la kwamba wameona ua kwenye nyumba hii, au lolote la namna hiyo. Aliinuka, akafunga kifungo cha koti. "Tumefika, tumeiona nyumba," akasema. "Mungu awabariki." Neno halikutamkwa. Lusungu alinipita mlangoni bila kuniangalia, na shingo yake ilikuwa na jasho.

Baba aliwasindikiza mpaka njiani. Aliporudi alikuwa bado na furaha, akanishika bega. "Nimekosea popote?"

"Hukukosea, baba," nikamwambia. Na ilikuwa kweli.

Simu ya Lusungu ilikuja kabla sijamaliza kuosha vyombo.

"Feli, baba mkubwa kakasirika. Anasema tumepimiwa."

"Mmepimiwa vipi?"

"Anasema mwenye nyumba kaanza kunywa yeye. Halafu katuwekea ile ya chini ya glasi, kama dawa ya mtoto mwenye kikohozi, chupa kairudisha kabatini tunaiona. Anasema mzee asiyetaka kutoa binti angesema tu kwa mdomo. Shangazi ndo kabisa, njia nzima anasema wamedharauliwa."

"Lusungu, si wewe uliyesema anakunywa waini!"

"Anakunywa. Glasi tele. Anachanganyaga na soda."

Niliketi kwenye stuli ya jikoni, povu la sabuni likanikaukia mikononi. Aibu niliyoisikia ofisini ilikuwa kitu kidogo kumbe, maana ile ilikuwa yangu peke yangu. Hii nilikuwa nimeichukua kwa mikono yangu na kumvisha baba, kama suti, nikamfunga na vifungo, nikamsimamisha mbele ya watu.

Niliwaambia palepale, baba na mama. Nikawaeleza yote, na nikasema nitakwenda Kigamboni mwenyewe kueleza kwamba mwenye makosa ni mimi.

"Mie nilisema tangu mwanzo," mama akasema. "Kreti ya bia, kreti ya soda, mambo yanaisha."

Baba alikuwa anaangalia mikono yake. "Wewe huendi," akasema. "Nitakwenda mimi."

Mama aliacha mzaha hapo. Baba wa binti hamfuati mtu nyumbani kwake kuhusu posa. Akae kwake, afuatwe. "Utaonekana unamtembeza mtoto kama karanga," mama alimwambia. "Watasema hatuna wa kumchukua. Ta Apolinari, usitufanyie hivyo."

"Acha waseme. Mgeni ametoka kwangu na kiu."

Nililia kuomba niende naye, na akakubali, nafikiri kwa sababu alichoka kunisikia.

Siku tuliyokwenda alivaa shati jeupe la kwendea kanisani. Chupa nyingine ya mvinyo aliipakata kwenye mfuko wa kitambaa njia nzima, hata pale darajani, ambapo abiria wengine walitazama maji. Hakuniambia neno la lawama. Ningefurahi kama angeniambia.

Shangazi Loveness alikuwa uani na wanawake wengine wakimenya vitunguu. Alituona getini, akaweka kisu chini. "Kha! Mwenye binti kaja mwenyewe?" Kisha akageukia nyumba na kuita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Kaka! Njoo, wakwe wamejileta!"

Wanawake wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, ila walicheka. Baba akatabasamu na kuwasalimu mmoja mmoja. Tuliwekwa barazani, tukaambiwa mzee anaoga. Alioga sana. Ndugu wa nyumba ile walitokeza kwa zamu kutuamkia, na kila mmoja alikuwa na jicho la kumwangalia baba, kisha mimi, kisha ule mfuko. Nilijiona natembezwa kweli, na karanga zenyewe zimeungua. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilitamani baba ainuke tuondoke, na nilijua hatainuka.

Mzee Gibson alitoka amevaa msuli na shati la ndani. Baba akasimama.

"Mzee mwenzangu," akasema, "naomba glasi. Za kawaida, za maji."

Zikaletwa. Baraza lilikuwa limeshajaa watu. Baba akafungua chupa, akajimiminia funda moja, akalinywa. "Kwetu mwenye pombe huonja kwanza," akasema, "mgeni ajue yuko salama. Siku ile sikueleza. Nilidhani mnajua." Halafu akashika glasi ya Mzee Gibson na kuanza kumimina, nami nikashusha pumzi, kwa sababu sasa watauona ule mkono.

Mkono ukasimama kwenye theluthi.

Ulisimama wenyewe. Niliona baba anauangalia kama si wake. Shangazi Loveness akaguna. Na baba, mbele ya watu wote wale, akageuza uso akaniangalia mimi, akiuliza kwa macho. Nikamwitikia kwa kichwa. Akaendelea, lakini chupa ilikuwa inagonga ukingo wa glasi, ti-ti-ti, na alipofika juu hakujua tena pa kuishia. Mvinyo ukapanda, ukapita, ukamwagika mezani na kudondokea msuli wa Mzee Gibson. Mtu ambaye katika kumimina sikuwahi kumwona akimwaga tone. Hakuna aliyecheka.

Mzee Gibson hakupangusa nguo yake. "Nani alikufundisha kumimina namna ile ya siku ile?" akauliza.

"Ni mimi, baba mkubwa," nikasema.

"Ni mimi mwenyewe," baba akasema, na maneno yetu yakagongana.

Mzee akatuangalia kwa zamu. "Hapa mmoja anadanganya."

"Mwenye nyumba ni mimi," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anataja jina lake. "Kinachomiminwa nyumbani kwangu, aliyekimimina ni mimi. Mtoto hana neno hapo."

Ile glasi ilikuwa imejaa kiasi cha kutoinulika. Mzee Gibson aliiangalia kidogo. Kisha akashika magoti yake, akainama na tumbo lake lote, akaweka midomo kwenye glasi palepale mezani na kufyonza, kwa mlio, kama watu wanaokunywa kisimani. Alipoinua uso masharubu yalikuwa mekundu.

"Mkali huu," akasema. "Loveness, leta soda."

Ndivyo nilivyoolewa. Mzee Gibson alifika tena Wazo na koti lake la kahawia, akasema maneno yote aliyotakiwa kusema, na kwenye harusi yetu alicheza kuliko vijana. Ile habari ikawa kichekesho cha familia. Shangazi Loveness huisimulia vizuri, na kwenye "wakwe wamejileta" huiga sauti yake mwenyewe ya siku ile. Watu hucheka hadi machozi. Baba naye hucheka. Mimi huinuka nikasema naangalia wali.

Siku hizi tunakaa Madale, na baba anakaa nasi tangu mama alipotutoka. Lusungu amepanda cheo, marafiki zake ni watu wa kuja Jumapili mchana na chupa zao. Wanashika glasi mguuni. Wanazungusha, wananusa, wanasema wanasikia harufu ya matunda fulani, na mimi naitikia. Nikiwamiminia najaza, na nimeshaona wanavyoangaliana. Wakidhani sijui, na wadhani.

Jumapili iliyopita mmoja wao, Erasmus, kijana mwenye adabu, alisema si vizuri mzee akae pembeni. Akachukua chupa na kumkabidhi baba kwa mikono miwili. "Mzee, leo tubariki wewe."

Baba akainuka taratibu. Alikuwa na shati lake jeupe. Akasogea mezani, akaweka mdomo wa chupa juu ya glasi ya kwanza bila kuinamisha.

"Feli," akaniita, na hakunong'ona. "Hawa ni wageni wa kupimiwa au wa kujaziwa?"

Wakacheka. Walidhani mzee anatania. Lusungu hakucheka, akaangalia sahani yake.

"Wa kujaziwa, baba," nikasema.

Akainamisha chupa. Ilipofika theluthi akasimama, akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa. Akaongeza kidogo, akasimama tena, akaniangalia.